Kongo bila Lumumba: ni nini kingebadilika?

Mwezi wa sita 2022, ndege ilitoka Brussels ikibeba sanduku la maiti. Ndani ya sanduku hamkuwa mwili. Kulikuwa jino moja tu. Jino hilo lilipitishwa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi, kisha likawekwa Kinshasa, eneo la Limete, tarehe 30, siku ya kumbukumbu ya uhuru. Wazee waliomuona Patrice Emery Lumumba kwa macho yao walikuwa wamebaki wachache. Wengi waliosimama pembeni ya barabara walizaliwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Kila mwaka, swali ni lile lile: kama Lumumba asingeuawa, Kongo ingekuwa wapi leo? Ni swali la majonzi, na kila mtu analijibu kufuata hamu ya moyo wake. Kuna swali lingine ambalo haliulizwi sana, lakini linafundisha zaidi. Kama Lumumba asingekuwako kabisa? Kama yule karani wa posta wa Stanleyville angebaki karani mpaka siku ya pensheni? Uhuru ungekuja? Katanga ingejitenga? Na nchi hii kubwa ingebaki nchi moja?

Kwa kujibu, ni lazima kufuata maisha yake hatua kwa hatua, na kutenga yale aliyoyaleta yeye na yale ambayo yangetokea hata bila yeye.

Mtoto wa Onalua

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925, katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa Watetela, wakulima wa kawaida. Alisoma shule za misheni, za Waprotestanti na za Wakatoliki, lakini hakufika mbali darasani. Mengi aliyoyajua baadaye aliyapata katika vitabu alivyosoma peke yake, usiku, baada ya kazi.

Alipokuwa kijana aliacha kijiji, akafika Maniema na kufanya kazi katika kampuni ya madini ya Symétain, kule Kalima. Mwaka wa 1944 aliingia Stanleyville, Kisangani ya leo. Serikali ya Wabelgiji ilimtuma shule ya posta Léopoldville, kisha akarudi kuwa karani wa posta. Akajifunza kuhesabu pesa za watu, kuandika Kifaransa safi, na kutuma makala kwa magazeti. Nyumbani kulikuwa Kitetela, barabarani Kiswahili na Lingala. Mwaka wa 1951 alimuoa Pauline Opango.

Wakati ule, hakuna jambo lililomtenga sana na wenzake. Katika kila mji mkubwa wa Kongo kulikuwa vijana wa namna yake: wenye tai na viatu vilivyong'aa, waliosoma kidogo, waliotaka mzungu awaheshimu. Mwaka wa 1954 alipata karatasi ya serikali iliyomhesabu kuwa mtu aliyestaarabika, kiisha kukataliwa mara ya kwanza. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wasomi wa mji. Mwaka wa 1955, Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka uliofuata alialikwa kutembelea Ubelgiji. Lumumba yule hakuwa anaomba uhuru. Alikuwa anaomba usawa kati ya mweusi na mweupe chini ya bendera moja.

Hapa inafaa kusema wazi: kama maisha yake yangeishia hapo, historia ya Kongo isingebadilika hata kidogo. Kiti chake kingekaliwa na karani mwingine.

Jela iliyomfungulia mlango

Kilichomtoa Stanleyville hakikuwa siasa. Katikati ya mwaka wa 1956, aliporudi kutoka Ubelgiji, alikamatwa kwa kosa la kuchukua pesa za posta, zaidi ya franka 100,000. Alikubali kwamba pesa zilitoka. Mshahara wa karani Mkongomani haukulingana na maisha ambayo serikali ilimdai mtu aliyestaarabika aishi. Alihukumiwa, akakaa jela zaidi ya mwaka mmoja, na humo aliandika kitabu juu ya Kongo ya kesho ambacho kilichapishwa baada ya kifo chake.

Alipofunguliwa mwaka wa 1957, posta ilikuwa imemfungia mlango. Akahamia Léopoldville na kupata kazi ya kutangaza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimpitisha katika kila mtaa wa mji mkuu, kwenye kila baa, mbele ya watu wa kila kabila. Watu walikuja kwa ajili ya bia, wakabaki kumsikiliza. Ndipo ilipoonekana kwamba alikuwa na kipaji ambacho wasomi wengine hawakuwa nacho: aliweza kusimama mbele ya watu elfu moja wasiomjua na kuwafanya waone kwamba anazungumza mambo yao.

Mwezi wa kumi 1958, yeye pamoja na wengine walianzisha chama cha Mouvement national congolais, MNC. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Accra, nchini Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Joseph Kasa-Vubu, kiongozi wa chama cha Abako, alitaka pia kwenda, lakini hakuruhusiwa kupanda ndege. Lumumba alirudi akiwa mtu mwingine. Tarehe 28 ya mwezi ule, mbele ya umati wa Léopoldville, alidai uhuru kama haki ya Wakongomani na si zawadi ya Ubelgiji.

Uhuru ungekuja bila yeye

Hapa ndipo jibu la kwanza linapatikana, na halitawafurahisha wote. Uhuru wa Kongo haukungojea Lumumba. Abako ilikuwa imekwisha kuudai toka mwaka wa 1956, wakati yeye alikuwa bado anaandika barua za heshima kwa wakubwa Wabelgiji. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, wakaaji wa Léopoldville waliingia barabarani kwa sababu mkutano wa Abako ulikatazwa. Watu wengi waliuawa. Siku tisa baadaye, Mfalme Baudouin alitangaza kwa redio kwamba Kongo itaelekea uhuru. Lumumba hakuwa ndiye aliyeitisha watu siku ile.

Tena, majirani wote walikuwa njiani. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, Wafaransa walikuwa wanafunga mizigo. Ubelgiji, nchi ndogo, haikuwa na nia ya kupigana vita virefu kama vile vya Ufaransa katika Algeria. Bila Lumumba, uhuru ungekuja mwaka wa 1960, au mwaka mmoja au miwili baadaye. Kasa-Vubu angeudai, wengine wangeudai, na Ubelgiji ingeutoa.

Lakini swali kubwa ni hili: uhuru wa nchi gani?

Chama kimoja kwa majimbo mengi

Katika mwaka wa 1959, vyama vilizaliwa kila wiki, na vingi vilikuwa vya kabila moja au vya jimbo moja. Abako ilikuwa ya Wakongo wa chini ya mto. Conakat ya Moïse Tshombe ilitetea Katanga kwanza, na ilisikilizana na walowezi wazungu. Balubakat ilikuwa ya Waluba wa Katanga. PSA ilishika Kwilu na Kwango, na Cerea ilishika Kivu. Wengi wa viongozi hao walitaka nchi ya shirikisho, kila jimbo na serikali yake na hazina yake. Kuna waliotaka hata kuondoka kabisa.

MNC ilikuja na wazo lingine: Kongo moja, bunge moja, serikali moja yenye nguvu. Wazo hilo halikuwa la Lumumba peke yake. Hata ndani ya MNC, katikati ya mwaka wa 1959, chama kilipasuka, na Albert Kalonji akaenda na tawi lake katika Kasai. Aliyelibeba wazo la umoja mpaka vijijini ni Lumumba. Alizunguka kwa gari, kwa ndege, kwa mtumbwi. Alihutubia kwa Kiswahili upande wa mashariki, kwa Lingala kando ya mto, kwa Kifaransa mbele ya wasomi.

Mwezi wa kumi 1959, mkutano mkuu wa chama chake ulifanyika Stanleyville. Fujo ilizuka, watu karibu 30 waliuawa, na Lumumba akakamatwa tena. Alihukumiwa miezi sita na kupelekwa kwenye jela ya Jadotville, Likasi ya leo. Wakati huo huo, viongozi wa Kongo walikuwa wamekusanyika Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara. Walidai afunguliwe. Tarehe 26 mwezi wa kwanza 1960 alifika Brussels akitoka jela. Kesho yake, tarehe ya uhuru ilikubaliwa: 30 mwezi wa sita.

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa tano. Katika viti 137 vya bunge la taifa, chama cha Lumumba kilipata 33. PSA ilipata 13, Abako 12, Cerea 10, Conakat 8. Hakuna aliyekuwa na wingi wa kutosha, lakini chama chake kilikuwa na wabunge katika majimbo kadhaa. Jimbo la Mashariki lilimpa ushindi mkubwa sana. Maniema, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Kivu, ilimpa kura nyingi pia. Wamituku, Wagenya na Waturumbu, watu ambao hawakuzaliwa Sankuru na hawakujua Kitetela, walimchagua Mtetela.

Siku chache ambazo Kongo ilijaribu bila yeye

Kuna nafasi moja ambapo historia yenyewe ilijaribu kujibu swali letu. Kiisha uchaguzi, Wabelgiji hawakupenda kumpa Lumumba serikali. Walimuomba kwanza atafute tu kama kuna wingi bungeni, kisha wakamgeukia Kasa-Vubu ili aunde serikali. Kwa siku chache za mwezi wa sita 1960, Kongo ilikuwa inaelekea kuwa na serikali bila Lumumba.

Kasa-Vubu hakufaulu. Wabunge walipochagua mkubwa wa bunge la taifa, mtu wa Lumumba, Joseph Kasongo, alimshinda Jean Bolikango. Hesabu ilionekana wazi. Wabelgiji walirudi kwa Lumumba, naye akaunda serikali ya watu wa vyama vingi na majimbo yote. Bunge lilimpa kura 74, tano tu zaidi ya nusu. Kisha Kasa-Vubu akachaguliwa kuwa raisi wa jamhuri, kwa kura za wabunge wa Lumumba.

Kama asingekuwako, nani angekusanya kura 74? Bolikango alikuwa na Équateur, Kasa-Vubu na watu wa chini ya mto, Tshombe na nusu ya Katanga, Kalonji na Waluba wa Kasai. Huenda wangekubaliana juu ya shirikisho dhaifu, kila mmoja mfalme kwao, na raisi wa Léopoldville asiye na amri. Huenda pia wasingekubaliana kabisa, na tarehe 30 ingewakuta bila serikali.

Hotuba, maasi na Katanga

Siku ya uhuru, Mfalme Baudouin alimsifu Leopold wa Pili. Kasa-Vubu alijibu kwa adabu. Lumumba, ambaye jina lake halikuwa katika programu, alisimama na kukumbusha mateso ya ukoloni: kazi za nguvu, matusi, mashamba yaliyonyang'anywa, jela. Wakongomani waliokuwa kwenye redio walipiga makofi. Mfalme alikasirika. Bila Lumumba, karamu ya siku ile ingeisha kwa amani.

Watu wengi husema kwamba hotuba ile ndiyo iliharibu mambo yote. Tarehe zinasema vingine. Tarehe 5 mwezi wa saba, askari wa Force Publique waliasi katika Léopoldville na Thysville. Jeshi lilikuwa na askari karibu 25,000 na maofisa karibu 1,000, na maofisa wote walikuwa wazungu. Jenerali Janssens alikuwa amewaeleza askari, kwa kuandika ubaoni, kwamba uhuru hautabadilisha kitu kwao. Waliasi kwa ajili ya cheo na mshahara, na walimkasirikia Lumumba mwenyewe, kwa kuwa alikuwa pia waziri wa ulinzi. Waziri yeyote wa kwanza angelikuta bomu hilo mezani.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Katanga. Tshombe alitangaza kujitenga tarehe 11 mwezi wa saba, huku askari wa Ubelgiji wamekwisha ingia nchini bila ruhusa ya serikali. Kampuni ya Union minière ililipa kodi yake kwa Tshombe. Mpango huo ulikuwa umefikiriwa mbele ya Lumumba kuwa waziri. Bila yeye, Katanga ingejaribu kuondoka tu.

Tofauti iko katika jibu. Kesho yake, Lumumba na Kasa-Vubu walipanda ndege kwenda Katanga, na uwanja wa Élisabethville ukakataa kuwapokea. Siku hiyo hiyo wakaomba jeshi la Umoja wa Mataifa, ONU. Askari wa kwanza walifika ndani ya siku chache. Waziri mwingine angeweza kukaa na Tshombe na kugawana naye shaba. Wengine katika Léopoldville walitaka hivyo. Lumumba alikataa kabisa. Alitaka ONU iingie Katanga kwa nguvu. ONU ilipokataa, aliomba ndege na malori kwa Umoja wa Kisovieti. Katika mwaka ule wa 1960, jambo hilo lilitosha kumfanya adui wa Marekani.

Doa la Bakwanga

Mwandamo wa maisha yake haukamiliki bila Kasai. Mwanzoni mwa mwezi wa nane, Kalonji naye alitangaza Kasai ya Kusini, nchi ya almasi. Lumumba alituma jeshi. Askari walikuwa hawana chakula wala mshahara, na hawakuwa na maofisa wa kuwazuia. Mwishoni mwa mwezi waliua raia wengi wa Kiluba kule Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, na kando yake. Lumumba hakuwa pale, lakini amri ya kwenda ilikuwa yake.

Familia nyingi za kule hazijasahau, na zina haki. Kwao, swali la Kongo bila Lumumba lina jibu lingine: ndugu zao wangeishi. Kiongozi aliyetaka kuwaunganisha wote hakupata muda, wala jeshi, wala subira ya kuwasikiliza walioogopa umoja huo. Aliwaachisha wasaidizi, akagombana na ONU, akatishia. Tarehe 5 mwezi wa tisa, Kasa-Vubu alitangaza kwa redio kwamba anamuachisha kazi, na mauaji ya Kasai yalikuwa kati ya sababu alizotaja. Lumumba akajibu kwa redio hiyo hiyo kwamba naye anamuachisha raisi. Bunge lilikuwa upande wake. Lakini jeshi lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Je, Mobutu angekuwa nani?

Mtu huyo alikuwa Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa askari, kisha mwandishi wa habari. Alikuwa rafiki wa Lumumba na mtu wa MNC kule Brussels. Lumumba ndiye alimuingiza serikalini. Baada ya maasi, Lumumba ndiye alimpa cheo cha kanali na kumfanya mkuu wa majeshi chini ya Jenerali Victor Lundula. Tarehe 14 mwezi wa tisa, Mobutu alitangaza kwamba anawaweka wanasiasa wote pembeni.

Huenda hili ndilo jambo chungu kuliko yote katika hesabu hii. Bila Lumumba, ni vigumu kuona njia ambayo ingemfikisha Mobutu, akiwa hajafikisha miaka 30, juu ya jeshi la taifa. Labda mkubwa mwingine angezaliwa kutoka kambi ya askari, kama ilivyotokea katika nchi nyingi za Afrika. Lakini ile miaka 32 ambayo Wakongomani waliiishi chini ya Mobutu ilianza kwa saini ya Lumumba.

Njia ya Kisangani

Lumumba alifungiwa katika nyumba yake Léopoldville. Askari wa ONU walimlinda kwa ndani, askari wa Mobutu walimngojea kwa nje. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, wakati wa mvua, alitoroka. Alitaka kufika Stanleyville, kwa wapigakura wake, ambako Antoine Gizenga alikuwa anatayarisha serikali. Njiani alisimama mara nyingi kuzungumza na watu. Siku chache baadaye alifika mto Sankuru na kuuvuka. Bibi yake Pauline na mtoto wao mdogo walikuwa wamebaki ng'ambo, na askari wakawafikia. Alirudi kwao, akakamatwa.

Alifungwa katika kambi ya Thysville. Mwezi wa kwanza 1961, hata askari waliomlinda waligawanyika, na wakubwa wa Léopoldville wakaogopa kwamba atafunguliwa. Tarehe 17 alipelekwa kwa ndege Élisabethville, mikononi mwa Tshombe, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa ndani ya ndege na baada ya kushuka. Usiku ule ule walipigwa risasi porini, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Lumumba alikuwa na miaka 35. Alikuwa ametawala kwa wiki kumi hivi.

Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Polisi Mbelgiji aliyefanya kazi hiyo aliweka jino. Katanga ilitangaza kifo mnamo tarehe 13 mwezi wa pili, ikidai kwamba wanakijiji ndio waliua. Mwaka wa 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba serikali yao ilikuwa na lawama ya kimaadili, na mwaka wa 2002 Ubelgiji iliomba msamaha. Kwa upande wa Marekani, uchunguzi wa seneti yao mwaka wa 1975 ulionyesha kwamba shirika la ujasusi CIA lilikuwa limepanga kumpa sumu.

Kongo bila Lumumba tumekwisha iona

Toka usiku ule, swali la Kongo bila Lumumba liliacha kuwa ndoto. Wakaaji wa mashariki waliliishi. Gizenga alitawala Kisangani, na majeshi yake yakachukua Bukavu, ambako Anicet Kashamura wa Cerea alishika Kivu. Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville na Bakwanga kila mmoja ulikuwa na serikali yake. Ramani ile ya mwanzo wa 1961, nchi nne ndani ya moja, ndiyo picha iliyo karibu zaidi na Kongo ambayo Lumumba aliogopa.

Kifo chake kilirudisha kipande kimoja. Dunia ilishtuka, na tarehe 21 mwezi wa pili 1961, Baraza la Usalama liliruhusu askari wa ONU kutumia nguvu ili kuzuia vita vya ndani. Ruhusa hiyo aliiomba akiwa hai na hakuipata. Mwezi wa kwanza 1963, Katanga ilirudi. Vita vya kuirudisha vilifanywa na watu ambao walikuwa wamemkataa.

Mwaka wa 1964, Wasimba walisimama kwa jina lake, toka Uvira na Fizi mpaka Kisangani. Wengi walikuwa vijana waliodanganywa na uhuru usio na kazi wala shule. Lakini kule Kisangani, waasi walileta watu mbele ya mnara wa Lumumba na kuwaua pale, wengi wao wasomi na watumishi wa serikali, watu wa namna ile ile aliyokuwa Lumumba karani wa posta. Mtu akifa, hawezi tena kuwakataza wanaoua kwa jina lake. Mobutu alichukua nchi yote tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965, na mwaka uliofuata alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa.

Kilichobaki

Hesabu ikifungwa, inaonekana hivi. Bila Lumumba, uhuru ungekuja. Askari wangeasi, na Tshombe angejaribu kuondoka na shaba. Huenda Bakwanga ingeokoka mwezi ule, na huenda Mobutu angebaki mwandishi wa gazeti. Mambo hayo ni mazito, na hakuna anayependa nchi anayeweza kuyaficha.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakionekani mikononi mwa kiongozi mwingine wa wakati ule. Ni ule ushahidi wa mwezi wa tano 1960, kwamba Mkongomani anaweza kumpigia kura mtu asiyetoka kwao, kwa sababu ya yale anayosema na si kwa sababu ya kijiji cha babu yake. Bila ushahidi huo, wanaosema kwamba Kongo ni makabila yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya Wabelgiji wangekuwa na neno la mwisho toka siku ya kwanza. Ushahidi huo haukutoka Onalua, alikozaliwa. Ulitoka Jimbo la Mashariki na Maniema, kwa wakaaji ambao hawakumdai ukoo.

Leo, katika miji ya mashariki, mtu akitaka kiti, swali la kwanza ni kujua yeye ni mtoto wa wapi. Vyeo vinahesabiwa kwa kabila, na hata wenye bunduki wanasema wanalinda ndugu zao tu. Kila mara nchi inapotishiwa kukatwa vipande, jina la Lumumba linarudi kwenye midomo ya watu, pamoja na majonzi ya wiki kumi alizotawala. Yeye hawezi kurudi. Wapigakura wa namna ile ya Kisangani ya 1960, hao wanaweza kurudi, maana hawakuwa mashujaa. Walikuwa wavuvi, makarani, wauza soko na wafanyakazi wa mashamba, ambao walisimama kwenye mstari siku moja na kuchagua mgeni.